Kaseti za Video katika Misioni Zetu: Namna ya Kuziokoa na ya Kujifunza Kazi Hiyo



Katika misioni nyingi za Butembo na Beni kuna kabati moja lisilofunguliwa. Juu yamewekwa misale ya zamani. Chini, pamoja na vipande vya mishumaa, kuna kaseti nyeusi za video. Juu ya moja wameandika «Upadri», juu ya nyingine «Yubile», na nyingine haina neno lolote. Padri mpya akifika anauliza: «Vitu hivi ni vya nani?» Wanamjibu: «Ni vya Padri wa zamani.» Basi, anafunga kabati, na kaseti zinaendelea kuoza polepole.

Makala haya yataka kueleza mambo matatu: kaseti ni kitu gani na kwa nini inakufa, namna ya kutoa picha na sauti zilizomo kabla hazijapotea, na namna gani mseminari au katekista aweza kujifunza kazi hii kwa njia ya staji.

I. Je, kazi hii ni yetu?

Mtu atasema: «Padri ni kwa roho za watu, si kwa mikanda ya plastiki.» Ni kweli. Lakini Kanisa mama yetu halijadharau kamwe ukumbusho. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 491, yamwagiza Askofu aangalie ili maandiko ya arkivu za parokia yatunzwe kwa uangalifu. Tarehe 16 Novemba 1959 Papa Yoane XXIII alianzisha kule Vatikano nyumba ya kutunza filme. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Vatikano II ulitoa andiko Inter Mirifica juu ya magazeti, sinema, radio na televizyo. Na tarehe 2 Februari 1997 Tume ya Papa ya mali ya utamaduni ya Kanisa iliandikia Maaskofu kwamba kutunza arkivu ni kazi ya kichungaji. Tena Bwana wetu mwenyewe, baada ya kushibisha makutano, aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki, kisipotee hata kimoja.

Tutazame sasa inchi yetu. Mapadri Waasumpsionisti walifika Kongo mwaka 1929. Mwaka 1938 Beni ikawa Vikarieti chini ya Mgr Henri Piérard. Mwaka 1959 ikawa Dyosezi, na mwaka 1967 ikapata jina la Butembo-Beni. Ukumbusho wa wakati wa Mgr Piérard upo katika barua, fotografu na filme za sinema. Kaseti ya VHS ilianza kuuzwa Japani mwaka 1976, na kwetu ilienea hasa katika miaka ya 1980 na 1990. Ndiyo miaka ya Mgr Emmanuel Kataliko, aliyekuwa Askofu wetu tangu 1966 hata 1997, kisha Askofu Mkuu wa Bukavu. Mwaka 2000 wenye silaha walimzuia kurudi Bukavu, akakaa Butembo tangu Februari hata Septemba; akafa Roma tarehe 4 Oktoba mwaka ule ule. Kijana mwenye miaka 25 leo hakusikia sauti yake. Kama mtu alirekodi mahubiri ya Mchungaji yule katika parokia fulani, na kaseti ikaoza, hakuna duka litakalotuuzia nyingine.

Kuna sababu nyingine, yenye uchungu zaidi. Tangu Oktoba 2014 watu wengi sana wameuawa katika inchi ya Beni. Nyumba zimechomwa pamoja na fotografu zilizotundikwa ukutani. Mwaka 2024 vita vilifika Kanyabayonga na Kirumba, na watu wakakimbilia upande wa Lubero na Butembo. Anayekimbia huchukua mtoto, chungu na godoro; hachukui sanduku la kaseti. Kuna mama ambaye uso wa marehemu mume wake haupo tena popote ila katika kaseti ya ndoa yao, iliyobaki kwa mtu aliyepiga video siku ile. Kwa mama yule kaseti si plastiki.

II. Kaseti ni kitu gani?

Fungua kifuniko cha kaseti ya VHS, utaona mkanda wenye upana wa milimeta 12,7. Ile ya saa tatu, iitwayo E-180, ina mkanda wa metre karibu 258. Mkanda una tabaka mbili kubwa. Ya chini ni plastiki nyembamba yenye nguvu. Ya juu ni unga mwororo wa chuma chenye sumaku, ulioshikwa na gundi. Picha na sauti zimeandikwa katika unga ule.

Katika mashini ya video kuna ngoma ndogo ya chuma iliyoinama kidogo. Mashini inavuta mkanda na kuuzungusha ngoma ile. Katika ngoma kuna vichwa vidogo sana vinavyosoma sumaku. Ngoma inazunguka mara 25 kila sekunde, na vichwa vinasoma mistari iliyolala kwa upande, kama mistari ya panga juu ya shina la mti. Basi, mkanda ukivutika au ukikunjika, kichwa hakifuati tena mstari wake, na picha inapasuka au inaruka.

Kaseti si za namna moja. Kuna VHS, kuna Betamax ya mwaka 1975, kuna U-matic kubwa ya watu wa televizyo, kuna Video8 ya mwaka 1985 na Hi8 ya mwaka 1989, zilizo ndogo. MiniDV ya mwaka 1995 ni mkanda pia, lakini ndani yake mna namba tayari. Kila namna yadai mashini yake.

Jambo jingine lawadanganya wengi. Televizyo ya Zaire ilifuata ginsi ya Kifaransa, iitwayo SECAM. Uganda na Kenya walifuata PAL. Wamarekani walifuata NTSC. Mashini nyingi zilifika kwetu kwa njia ya Kasindi, na kaseti nyingine zilitumwa na wafadhili wa ng'ambo. Kaseti ya SECAM katika mashini ya PAL mara nyingi yaonyesha picha bila rangi. Usiseme haraka: «Kaseti hii imekufa.» Sherti kwanza ujue ginsi yake.

III. Adui za kaseti

Adui wa kwanza ni unyevu. Butembo iko juu milimani, kuna baridi na ukungu. Beni iko chini zaidi, kuna joto pamoja na maji ya mvua ya msitu. Unyevu huingia katika gundi na kuivunja, mkanda unaanza kunata. Unyevu tena huzaa kuvu, ule unga mweupe unaoonekana katika kidirisha cha kaseti.

Adui wa pili ni joto: kaseti chini ya mabati, au juu ya televizyo. Wa tatu ni vumbi jekundu la barabara zetu. Wa nne ni sumaku, kama ile ya spika kubwa za kwaya. Wa tano ni mtu mwenyewe, anayerekodi filme ya karate juu ya yubile ya Masista.

Lakini adui mkubwa kuliko wote ni ukosefu wa mashini. Kampuni Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza mashini za VHS, iliacha mwezi wa Julai 2016. Mashini zilizobaki zinazeeka, na mafundi waliozijua wanazeeka pamoja nazo. Mwaka 2015 arkivu ya filme ya Australia ilitangaza kwamba mwaka 2025 ndio mpaka: baada yake kaseti nyingi hazitasomeka tena. Mpaka ule umekwisha fika. Mkanda waweza kuwa mzima bado, lakini kama hakuna mashini ya kuusoma, ni kama kitabu kilichofungwa kwa kufuli lisilo na ufunguo.

IV. Namna ya kujifunza: staji

Kazi hii haijifunzwi kwa kusoma tu. Mikono sherti iguse. Yafaa mwanafunzi akae miezi mitatu angalau, na awe na walimu wawili: fundi mzee wa radio na televizyo, na mtu anayejua arkivu. Wa kwanza atamfundisha mashini. Wa pili atamfundisha utaratibu. Ukimpata mmoja tu, utajua nusu ya kazi.

Mwezi wa kwanza, mwanafunzi asiguse kaseti yenye thamani. Afungue mashini zilizokufa, ajifunze njia ya mkanda tangu anapoingia hata anapotoka. Avunje kaseti za bure, ahamishe mkanda kutoka ganda moja hata jingine, aunganishe mkanda uliokatika kwa utepe wake maalum, si kwa skochi ya biro. Ajifunze kusafisha vichwa: kitambaa cha ngozi laini chenye alkoli safi kiwekwe juu ya ngoma kwa utulivu, na ngoma izungushwe kwa mkono. Asisugue kamwe kwenda juu na chini, kwani vichwa vitavunjika. Wala asitumie pamba, kwani nyuzi zake hubaki ndani.

Mwezi wa pili ahamishe kaseti za mazoezi chini ya macho ya mwalimu. Mwezi wa tatu apewe kaseti za parokia, moja moja, na kila jioni aandike katika daftari ya staji: nimefanya nini, nimekosea wapi.

Nami nilifanya staji ya namna hii, na daftari yangu ina ukurasa mmoja ambao sipendi kuusoma. Juma la saba, familia ya katekista mmoja marehemu ilileta kaseti ya maziko yake. Mna humo pia sauti yake mwenyewe, akifundisha wakatekumeni miaka mingi mbele ya kufa. Niliona alama nyeupe kidogo katika kidirisha. Fundi alikuwa ametoka. Nikasema moyoni: ni vumbi tu. Nikaitia katika mashini. Baada ya dakika chache picha ikawa theluji. Kuvu ilikuwa imefunika vichwa, na mkanda umekwaruzwa. Fundi aliporudi hakunifokea. Aliniuliza: «Fratri, uliitazama kwanza?» Nikajibu: «Niliitazama, Mzee, lakini sikutaka kuona.» Tuliisafisha kwa siku nne. Maziko tuliyapata karibu yote. Lakini yale mafundisho yalikuwa mwanzoni mwa mkanda, na dakika sita hazikurudi. Nilikwenda mwenyewe kuwaambia wana wake. Haraka haraka haina baraka: neno hili nililijua tangu utoto, siku ile ndipo nilipolielewa.

V. Kutoa picha katika kaseti

Basi, tufuate utaratibu.

1. Vunja kile kidole kidogo cha plastiki kilicho mgongoni mwa kaseti. Kikiondoka, mashini haiwezi tena kurekodi juu yake. Hili ni la kwanza kabisa.

2. Tazama kwa taa. Je, kuna kuvu? Je, mkanda umekunjamana? Je, unanuka? Kaseti yenye kuvu itengwe na nyingine, iwekwe mahali pakavu penye ubaridi siku kadhaa hata kuvu ikauke, kisha isafishwe nje ya nyumba, mfanyakazi akivaa barakoa na glavu. Kuvu hudhuru mapafu. Kaseti inayonata usiilazimishe. Mwachie aliye fundi kuliko wewe.

3. Peleka mkanda hata mwisho, kisha uurudishe mwanzo, bila kuusoma. Hivi unalegea na kujipanga sawasawa.

4. Safisha vichwa vya mashini. Jaribu kwanza kaseti ya bure. Ikitoka salama, ndipo utie ile ya thamani.

5. Tazama umeme. Ukikatika katikati, mkanda unabaki umezungushwa ngoma, na mtu asiye na subira ataung'oa. Tumia batri ya kusaidia. Na grupu ya umeme isiunganishwe na mashini moja kwa moja, kwani nguvu yake yapanda na kushuka.

6. Unganisha mashini ya video na kifaa kinachogeuza picha kuwa namba, na kifaa kile na ordinatere, ndiyo kompyuta. Kama mashini ina tundu la S-Video, tumia hilo, kwani rangi zinatoka safi zaidi. Kati yao yafaa kuweka kifaa cha kusawazisha mwendo wa picha; bila hicho picha ya mkanda mzee hutetemeka na ordinatere huacha vipande.

7. Keti, utazame hata mwisho. Saa moja ya kaseti yadai saa moja ya mtu, pamoja na matayarisho. Parokia yenye kaseti 200 za saa tatu ina saa 600. Ukihamisha saa nne kila siku, ni siku 150 za kazi. Kwa hiyo sherti kuchagua. Anza na kaseti isiyo na nakala nyingine popote, na iliyo karibu kufa. Filme za kununua dukani ziache.

Juu ya namna ya faili: nakala ya kutunza isipunguzwe. Picha ya PAL au SECAM ina mistari 576 inayoonekana, na picha 25 kila sekunde. Ukiitunza bila kuibana, saa moja yala karibu gigabaiti 100. Kuna namna iitwayo FFV1, inayobana bila kupoteza hata nukta moja: saa moja yala karibu 40. Ni ya bure, na kanuni zake zilitangazwa wazi mwaka 2021, hata watu wa kesho wataweza kuisoma. Mwenye uwezo mdogo aweza kutumia DV, karibu gigabaiti 13 kwa saa. Inapoteza kidogo, lakini ni bora kuliko kuoza. Kisha utoe nakala ndogo ya MP4 kwa kuonyesha watu katika simu. Wengi hufanya hii ndogo tu, na kufikiri wamemaliza. Wamekosea: kutoka katika nakala kubwa utapata ndogo, lakini kutoka katika ndogo hutapata kubwa kamwe.

VI. Mali bila daftari

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Faili yenye jina «video 3» ni sawa na kaburi lisilo na msalaba. Kila kaseti ipewe namba yake, na katika daftari iandikwe: ilitoka wapi, ni ya mwaka gani, ni shughuli gani, nani wanaonekana, lugha gani zinasemwa, Kinande, Kiswahili, Kifaransa au Kilatini, nani aliirekodi, hali yake ilikuwaje, nani aliihamisha na siku gani.

Hapa ndipo wakatekista wanawapita Mapadri. Padri hubadilishwa misioni, katekista hubaki. Onyesheni picha kwa wazee, mkiwa na kalamu mkononi. Mzee atasema: «Yule ni fulani, mwana wa fulani, aliyejenga kapela ya mlimani.» Wazee wale nao hawatakaa siku zote. Mara nyingi mzee anaondoka mbele ya kaseti.

VII. Nakala tatu

Disiki ya ordinatere nayo hufa, tena kwa ghafula kuliko mkanda. Kwa hiyo shika kanuni hii: nakala tatu, juu ya vyombo vya namna mbili, na moja ikae mbali. Kwetu «mbali» si neno la bure. Nakala ya Beni ikae pia Butembo, na ya Butembo ikae pia Beni. Na ya tatu ikae mji mwingine kabisa, kwani barabara ile ya kilometa zaidi kidogo ya 50 yaweza kufungwa kwa vita siku moja.

Kila faili ifanyiwe hesabu iitwayo MD5, inayotoa alama ya herufi na namba 32, kama alama ya kidole cha mtu. Kila mwaka ufanye hesabu tena. Alama ikibadilika, ujue faili imeharibika, na uchukue nakala nyingine. Kila baada ya miaka michache uhamishe yote katika disiki mpya.

Na kaseti zenyewe? Usizitupe. Zisimamishwe kama vitabu, mkanda ukiwa umerudishwa upande mmoja, mahali pakavu penye ubaridi, mbali na ardhi na mabati.

VIII. Busara ya mchungaji

Si kila kinachoweza kuonyeshwa chapaswa kuonyeshwa. Katika kaseti mna watoto, mna waliolia makaburini, mna walioshuhudia mauaji na kutaja majina ya wauaji. Picha hizi zikienea katika simu zaweza kuleta aibu, hata kifo. Mahakama ya Arusha, iliyohukumu mauaji ya kimbari ya Rwanda, ilirekodi vikao vyake katika video. Lakini kabla ya kuwaonyesha watu wote, sherti yafichwe yanayoweza kuwatambulisha mashahidi waliolindwa. Nasi tufanye vivyo hivyo: kutunza ni kwa yote, kuonyesha ni kwa ruhusa. Kaseti ya familia ni ya familia. Ya parokia iamuliwe na Paroko, na jambo gumu lipelekwe kwa Askofu.

Tumalize. Hatuombi kila misioni inunue mashini. Yatosha dyosezi iwe na chumba kimoja, mashini mbili nzima, ordinatere moja, na vijana wawili waliofanya staji. Lakini kazi ya kwanza haidai hata franga moja, na kila msomaji aweza kuifanya juma hili: afungue kabati, ahesabu kaseti, avunje vidole vyao vya plastiki, azisimamishe mahali pakavu, aandike orodha. Kisha amwite mzee mmoja wa misioni amwulize: «Siku ile ulikuwapo?»